Muhuri wa Visiginoni

Katika ukoo nilioolewa, mtoto hakutambuliwa kwa jina alilopewa wala kwa sura ya pua yake. Alitambuliwa kwa visigino.

Juu kidogo ya kisigino, pale mshipa mnene unaposhuka kutoka kwenye shavu la mguu, watu wa nyumba ya mume wangu walikuwa na uvimbe mgumu usiouma. Kwa wengine ulikuwa kama harage lililofichwa chini ya ngozi, kwa wengine kama yai la njiwa. Mtu hakuzaliwa nao. Ulikuja polepole, alipokwisha kubalehe au baadaye kidogo, na ulipokuja haukuondoka. Wenyewe waliuita muhuri. Walisema kwamba babu yao aliupata kwa kutembea nyuma ya ng'ombe katika milima ya Masisi tangu utoto hadi mvi, mpaka miguu yake ikajisukia kamba zake yenyewe, na kwamba aliwaachia wanawe urithi huo kama mtu mwingine anavyoacha shamba.

Niliolewa mwaka 1986. Mume wangu alikuwa na muhuri miguu yote miwili, na siku za Jumapili, baada ya misa, aliketi mlangoni na kuiweka miguu juu ya kigoda ili wapitao waione. Nilimcheka, naye alinijibu: "Cheka tu. Siku moja utaona kwa watoto wako kama ulizaa kwetu ama ulizaa kwa jirani."

Dada yake mkubwa, wifi yangu, ndiye aliyekuwa mlinzi wa jambo hilo. Binti yangu alizaliwa mwaka 1988 na mwanangu wa kiume mwaka 1991, na kila Noeli wifi alifika na zawadi ya siagi, akawaketisha watoto wangu mapajani, akawavua viatu na kuwapapasa visigino kwa kidole gumba, kama mnunuzi anayepapasa parachichi sokoni.

"Bado," alikuwa akisema. "Tungojee."

Mwaka 1993 vita viliingia Masisi. Tuliacha ng'ombe, tukaacha nyumba na mizizi ya viazi ikiwa bado ardhini, tukateremka mpaka Goma. Tulipata chumba cha mbao katika kata ya Murara, juu ya mawe meusi yasiyoota kitu. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa wingi ambao macho yangu hayakuwahi kuuona wala hayataki kuuona tena. Kipindupindu kilikuja pamoja nao. Nakumbuka foleni za maji, nakumbuka vitambaa tulivyojifunga puani, na nakumbuka kwamba hata katika siku zile watu walikula, walipika, walinyoa nywele, waliuza na kununua. Mume wangu aliuza jibini la Masisi, yale magurudumu ya manjano yaliyokuwa bado yanashuka kutoka milimani kwa njia zisizojulikana. Baadaye aliingia katika biashara ya magari, akawa anakwenda Bunagana, mpakani mwa Uganda, kupokea mizigo.

Naeleza haya kwa sababu hapo ndipo mwili wake ulipobadilisha maisha, ingawa hakuna aliyeliona. Mtu aliyekuwa akitembea kutwa nzima nyuma ya mifugo sasa aliketi kutwa nzima kando ya dereva. Alijifunza sigara barabarani, kwa kuwa sigara hufukuza usingizi na ni rafiki wa askari wa vizuizini. Jioni alikula mishikaki yenye mafuta, na siagi ya kwao hakuiacha. Alisema ndiyo kitu pekee cha Masisi ambacho vita havikumnyang'anya. Pamoja na hayo yote hakunenepa. Alibaki mwembamba kama fimbo ya mchungaji, na sote tuliamini kwamba mtu mwembamba hana deni na mwili wake.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka na mto wa moto ukapita Murara. Chumba chetu cha mbao kiliungua. Tulirudi juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto chini ya viatu, tukasimamisha mbao nyingine, tukaezeka maturubai. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 31 Machi. Mume wangu alisema kwamba watu waliookoka risasi, kipindupindu na moto wanapaswa kula nyama, akawaalika ndugu zake wote.

Sasa ni lazima nieleze desturi moja. Kwetu, anayemkaribisha mgeni humimina kinywaji, akanywa funda la kwanza mbele ya macho yake, ndipo akampa. Hufanya hivyo kuonyesha kwamba hakuna karuho ndani, yaani sumu ya mkononi, ile inayofichwa chini ya ukucha. Si tusi wala si mashaka. Ni adabu, kama kunawa mikono. Siku ile niliionja kasiksi, pombe ya ndizi, mbele ya shemeji zangu wote, chupa kwa chupa. Lakini mume wangu hakunywa kasiksi. Yeye alikunywa mashanza, maziwa mgando, katika kibuyu chake mwenyewe, na hakuna mke anayeonja kibuyu cha mumewe. Kumwonjea ni kumwambia kwamba yeye ni mgeni nyumbani kwake.

Alikunywa, akala kidari, akasimulia kisa cha afisa wa forodha aliyelala juu ya mzigo wa chumvi. Wote walikuwa wanacheka. Katikati ya kicheko alinyamaza, akaweka mkono kifuani. Jasho lilimtoka usoni kana kwamba amemwagiwa maji. Alisema mkono wa kushoto umekufa ganzi, na kwamba taya linamuuma. Njia ya magari ilikuwa bado imezibwa na mawe ya volkano. Tulimlaza juu ya chukudu, ile baiskeli ya mti inayobeba mizigo mjini kwetu, vijana wawili wakaisukuma. Kabla ya kufika kwenye zahanati alikuwa amekwisha kwenda. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Muuguzi alisema ni krizi ya moyo, yaani shambulio la ghafla la moyo. Shemeji mmoja alimjibu palepale: "Krizi ni ya bakubwa wenye tumbo. Huyu alikuwa mufupa tu."

Naye wifi yangu, akiwa amesimama miguuni mwa maiti, aliuliza swali moja kwa sauti ya chini: "Nani alionja ile maziwa?"

Hakuniangalia. Hakuhitaji kuniangalia.

Hakuna aliyenishtaki mahakamani, wala hakuna aliyenipiga. Walimzika mume wangu kwa heshima, wakaomboleza nami, wakagawana nami kazi za matanga. Lakini chakula nilichopika mimi kilipoa kwenye masufuria. Tangu siku ile, mtu yeyote wa ukoo ule aliyefika kwangu alikuja na chupa yake ya maji mkobani. Nikimimina chai, nilionja mbele yake, nikaonja tena, na bado kikombe kilibaki kimejaa mpaka alipoaga. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mjane, mwenye watoto wawili, na jina ambalo halikusemwa mbele yangu.

Septemba ya mwaka uleule niliingia katika darasa la watu wazima, parokiani. Sikuwahi kukaa kwenye benchi la shule kabla ya hapo. Siku ya kwanza mwalimu aliandika tarehe ubaoni, na nilipofahamu kwamba yale ni maandishi ya leo, ya siku hii na si nyingine yoyote, nilishikwa na furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu aliyejifunza kusoma akiwa mdogo. Nilijifunza kuandika tarehe kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Tarehe ya kwanza niliyoiandika bila kusaidiwa ilikuwa ile ya Pasaka. Niliendelea, mwaka baada ya mwaka, hata nikapata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, nikiwa na umri wa kuitwa nyanya. Nasema bila aibu kwamba najivunia.

Watoto walikua. Kwa binti yangu muhuri haukuja. Alipofika miaka ishirini visigino vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, na wifi alimtazama kwa masikitiko ya kujifanya.

"Huyu alitoka fasi gani?" aliuliza mbele ya watu, kwenye harusi, kisha akaniita kama wanavyomwita mke aliyeolewa kwao. "Mukazana, ulituletea mugeni?"

Binti yangu alimjibu: "Shangazi, kama ni visigino unatafuta, nenda sokoni, ya ng'ombe iko mingi."

Watu walicheka, lakini usiku ule alilia, nami nilijua kwamba lile lilikuwa jiwe la pili juu ya lile la kwanza: mke anayedhaniwa kumuua mumewe hushindwaje kudhaniwa kwamba alimdanganya pia?

Kwa mwanangu muhuri ulijitokeza mwaka 2010, akiwa na miaka kumi na tisa. Wifi alimpapasa, akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje. "Njo yeye! Njo baba yake kabisa!" Alimnunulia viatu. Mwanangu alikuwa ameanza kufuata njia ya baba yake: utingo, kisha udereva, Bunagana kwenda na kurudi, na sigara sikioni. Nilifurahi naye. Jina langu lilikuwa limesafishwa nusu.

Nusu nyingine ilibaki palepale. Tarehe 20 Novemba 2012, waasi walipoingia mjini, wifi alikimbilia kwangu kwa kuwa kwake risasi zilikuwa zinapita dirishani. Alikaa chini ya meza yangu na viazi vyake alivyovichemsha mwenyewe, vimefungwa ndani ya kitenge. Mabomu yalilia, bati likatetemeka. Nilimpa maji katika kikombe. Aliniangalia akingoja nionje. Nilionja. Mji unaanguka, na mimi naonja maji.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mwaka 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, mlima ulipasuka tena, na siku zilizofuata ardhi haikuacha kutetemeka. Alhamisi tarehe 27 tuliamriwa kuuhama mji. Mji mzima ulitoka kwa pamoja kuelekea Sake. Magari yalikwama, kwa hiyo tulitembea: mimi, binti yangu na mtoto wake mgongoni, wifi, ambaye sasa alikuwa mzee wa fimbo, na mwanangu aliyebeba godoro kichwani na bidoni ya maji mkononi. Alikuwa na miaka thelathini, mwembamba kama baba yake.

Kabla ya kufika Sake palikuwa na mwinuko mdogo. Mwanangu alisimama. Alishusha godoro, akaketi juu yake, akaweka mkono kifuani.

"Hakuna kitu, Mama. Ni moshi ya kwenye njia tu. Itapita."

Ilipita, lakini niliona jasho. Nililijua jasho lile. Nilijua pia kwamba tangu asubuhi hakuwa amekula wala kunywa kitu chochote kutoka mkononi mwangu. Maji aliyokunywa aliyanunua njiani. Fikira hiyo ilinijia palepale, katikati ya umati, nami nikaionea haya kwa kuwa ndani yake, pamoja na hofu, mlikuwa na kitu kama mwanga.

Tulipata nafasi katika darasa moja la shule, sakafuni, pamoja na familia nyingine. Miongoni mwao alikuwamo daktari kijana, mzaliwa wa Butembo, naye mkimbizi kama sisi, na mkewe na mapacha. Mwanangu alivua viatu kwa sababu ya malengelenge, akalala kifudifudi. Daktari alikuwa anapita na sufuria ya uji wa wanawe. Alisimama. Aliweka sufuria chini, akachuchumaa, akaangalia visigino vya mwanangu kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia visigino.

Wifi alifurahi. "Unaona, munganga? Iyi ni muhuri ya nyumba yetu. Baba aliipata kwa kutembea nyuma ya ng'ombe, kaka yangu alikuwa nayo, na miye niko nayo." Akapandisha kitenge kuonyesha vyake.

"Baba yenu alikufa namna gani?" aliuliza daktari.

"Alianguka nyuma ya ng'ombe. Alikuwa muzee tayari, na bajukuu, na sigara hakuijua. Moyo ilisimama tu."

"Na kaka?"

Wifi alijibu: "Kaka alikunywa maziwa."

Daktari hakulielewa jibu lile, naye alinigeukia mimi. Nilimweleza. Nilimweleza yote, gari, sigara, tarehe, kidari, jasho, mkono wa kushoto, taya, na maziwa yasiyoonjwa, mbele ya wifi yangu, kwa mara ya kwanza tangu nifiwe. Familia zilizokuwa darasani zilisogea kusikiliza. Nilipomaliza nilimweleza pia yaliyompata mwanangu siku ile mwinukoni.

Alimpima mwanangu mapigo ya moyo, akampa kidonge cha kutafuna kutoka mkobani mwake, akamkataza kubeba hata mtoto. Kisha akaketi sakafuni nasi.

"Hii si kamba ya kutembea," alisema, akishika kisigino cha mwanangu. "Ni mafuta. Kolesteroli. Imejaa katika damu mpaka inatafuta pa kukaa, na imekaa hapa. Hapa haiui mtu. Lakini inakaa pia katika mishipa ya moyo."

"Mafuta!" alisema wifi. "Kwa mutu mwembamba hivi? Ninyi batu ba Butembo munauzaka kila kitu. Sasa munataka kutuuzia visigino vyetu!"

"Na ninyi ba Masisi munapimaka mutu kama ng'ombe, kwa miguu," alijibu daktari, na darasa zima likacheka, hata wifi mwenyewe. "Kwa hii, Mama, mulipima vizuri. Mulisoma vibaya tu."

Kisha alimuuliza mwanangu anafanya kazi gani, na aliposikia Bunagana alitumia Bunagana kutufundisha.

"Wewe unajua depo ya mpakani. Damu ni barabara, kolesteroli ni malori, ini ni depo. Depo nzuri ina milango mingi, malori yanaingia, barabara inabaki wazi. Wewe ulizaliwa na nusu ya milango imefungwa. Si kosa lako, ni urithi, ulitoka kwa baba yako, naye kwa baba yake. Kwa hiyo malori yanabaki barabarani, yanapanga foleni, siku moja yanaziba kabisa."

"Basi kama ni damu," alisema wifi, "chakula kina kosa gani? Tukule tu, tukufe vizuri."

"Damu ilimpa milango michache, Mama. Haikumuwashia sigara. Baba yenu alikuwa na visigino hivihivi, akaona wajukuu. Alitembea kutwa, hakuvuta. Kaka yenu alikaa ndani ya gari, akavuta, akala mafuta ya nyama kila jioni. Siwezi kuapa kwamba ni hilo tu lililowatenganisha. Lakini yule aliongeza malori, na sigara ikachimba mashimo barabarani."

Mwanangu aliuliza, akiwa bado amelala: "Kwa hiyo ni vita ilimuua Papa? Kama tungebaki na ng'ombe..."

Daktari alimgeukia. "Vita ilimkalisha," alisema. "Ugonjwa alikuwa nao tangu tumboni mwa mama yake."

Nilikusanya nguvu, nikauliza swali ambalo nililibeba tangu Pasaka ile: "Na maziwa?"

"Mama, miye sikuwapo, na maiti hakupimwa. Lakini mutu wa miaka arobaini na moja, mwenye visigino hivi, anashika kifua, mkono wa kushoto, taya, jasho... Kama munganga, sina sababu ya kutafuta sumu."

Wifi alikuwa anaangalia visigino vyake mwenyewe. Alishusha kitenge, akavifunika.

Kisha daktari alisema jambo lililoondoa usingizi wangu: kwamba mtoto wa mzazi mwenye hali hii ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Baadhi hupata, baadhi hukosa, na kisigino kitupu si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa wengine wana mafuta mengi damuni bila uvimbe wowote. Binti yangu alimkumbatia mwanawe. Miaka yote ile tulikuwa tumemwombea muhuri. Sasa nililala sakafuni Sake nikimwomba Mungu binti yangu awe ameumbwa bila huo, na awe ameumbwa hivyo ndani pia, mahali tusipoweza kupapasa.

Tulirudi Goma mwezi wa sita. Daktari alitupokea hospitalini alikofanya kazi, akatoa damu kwa wote watatu: mwanangu, binti yangu, na wifi, aliyekuja akilalamika kwamba anafungishwa chakula kama wakati wa Kwaresima. Mwanangu alifungwa nyaya kifuani. Tukaambiwa turudi.

Siku za kungoja nilizipitisha nikifagia. Nilifagia vumbi la volkano nyumbani, nikafagia kwa jirani, nikafagia njia ya watu wote. Binti yangu alikuwa anakuja jioni, tunachambua maharagwe pamoja. Siku moja alivua kiatu, akaweka mguu wake juu ya kigoda kile cha baba yake, kilichookoka moto kwa kuwa nilikimbia nacho.

"Mama, maisha yangu yote nimeuchukia mguu huu," alisema.

"Usiuchukie bado," nilimjibu. "Tungojee."

Nilisikia sauti ya wifi ndani ya sauti yangu, na sote wawili tukacheka mpaka machozi.

Tulipoitwa, daktari alianza na mwanangu. Ilikuwa kama alivyodhani: kolesteroli ya juu sana, na mishipa ya moyo iliyokwisha kuanza kuwa myembamba, lakini haijaziba. Tumefika mapema, alisema. Kuna kidonge cha kila jioni kinacholifanya ini kufungua milango zaidi. Atakimeza maisha yake yote, kama wengine wanavyovaa miwani. Sigara imekwisha leo, si kesho. Kidari na ngozi ya kuku, aviache. Maharagwe, sombe, yaani kisamvu, isiyozama katika mawese, sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliochemshwa, avizoee. Na atembee, polepole kwanza. "Hivyo," alisema, "una kila sababu ya kuona wajukuu kama babu yako."

Wifi alikuwa na ugonjwa uleule. Daktari alishangaa jinsi alivyofika umri ule, akamuuliza anaishi vipi. Alilima shamba lake kule Kibati mpaka vita vilipomwondoa, na kila siku alipanda na kushuka kwa miguu. Alipewa kidonge naye, pamoja na pongezi.

Kisha daktari alimgeukia binti yangu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Wewe," alisema, "damu yako ni safi. Haukurithi. Na kisichokuwa kwako hakiwezi kwenda kwa mutoto wako."

Nilimwomba anionyeshe karatasi ya majibu, nikasoma mwenyewe, mstari kwa mstari, tarehe kwanza. Binti yangu hakulia. Alitoka nje, akavua viatu vyote viwili, akatembea pekupeku uani mwa hospitali, juu ya mawe yale meusi, na watu wakimtazama. Mlinzi alimwambia: "Dada, utaumia." Alimjibu: "Papa, acha niumie kidogo."

Mwanangu alimwita kutoka kwenye ngazi: "Ee, wewe mugeni! Rudi huku, twende nyumbani." Sikuwahi kusikia neno lile likitamkwa kwa upendo kama ule.

Wiki ileile, siku ya Jumapili, wifi alikuja kwangu peke yake na fimbo yake. Hakuwa na mkoba, na mikono yake ilikuwa mitupu. Aliketi kwenye kigoda, akaweka fimbo chini.

"Niko na kiu," alisema. "Mashanza iko?"

Ilikuwapo. Tangu tutoke hospitalini nilikuwa nakoroga maziwa na kuondoa siagi yote juu, kwa ajili ya mwanangu. Nilimimina katika kikombe kikubwa, nikakiinua mdomoni kama nilivyokuwa nikifanya miaka yote. Mkono wake ulinyooka ukanishika kifundo cha mkono.

"Acha," alisema. "Usionje."

"Yaya," nilimwita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ni desturi."

"Desturi ni ya bageni. Miye ni mugeni hapa?"

Alichukua kikombe, akakiangalia, akakiangalia tena, kisha akanywa. Alikunywa funda refu, akafunga macho. Nilisimama mbele yake nikishika kibuyu kwa mikono miwili, nami nilihisi mabega yangu yakishuka, kana kwamba kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimebeba bidoni ya maji ya watu wengine, na sasa mwenye maji amekuja kuichukua.

Alifungua macho, akakunja uso.

"Siagi iko wapi?"

"Nimeiondoa. Munganga alisema."

Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Mukazana," alisema, "kaka yangu haukumuua. Minajua sasa, na Mungu anisamehe. Lakini na maziwa ya namna hii, miye utaniua kabisa."

Akaninyooshea kikombe ili nimwongeze.